Kula Samaki kwenye Mgahawa wa Bei Mbaya Usirudi Nyumbani Ukatafuta Chipsi: Mwongozo Kamili

Nimechoka kutumiwa picha za risiti. Huyu kalipa laki tatu na themanini kwa kamba kochi (lobsta) mkavu kama kuni. Yule kaagiza "fileti ya samaki wa leo" pembeni kabisa ya Bahari ya Hindi, akaletewa sangara wa Ziwa Victoria. Mwingine kampeleka mchumba wake kwenye meza ya kitambaa cheupe na mishumaa, na saa tano usiku wote wawili wamesimama barabarani wanasubiri chipsi mayai.

Yamenikuta na mimi. Mgahawa siutaji. Nilimpeleka mama, nikaagiza sinia kubwa la mchanganyiko wa vyakula vya baharini, likaja limepambwa kama bibi harusi: ngisi wa mpira, kamba waliokakamaa, kipande cha nguru chenye shombo lililofunikwa na siagi ya vitunguu saumu. Mama alikula wali. Baadaye nilipokaa kulitafakari nikaona nilikosea mara tatu kabla hata sijavuta kiti: nilienda Julai, nilienda Jumamosi saa tatu usiku, na niliagiza sinia.

Menyu huchapishwa mara moja kwa mwaka, bahari inabadilika kila wiki. Karibu hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na hilo. Nimeandika nikifikiria Dar, Unguja na Mombasa, lakini Tanga, Mtwara au Lamu mambo ni yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo. Ile ya msikitini au ya dukani yenye tarehe za Kiislamu inatosha. Utaona kazi yake kwenye hatua ya kwanza.
- Namba ya mchuuzi mmoja wa samaki wa Feri, Darajani au soko lolote la karibu nawe. Bei aliyouza leo ndiyo kipimo chako.
- Bajeti yenye nyongeza ya asilimia 30 juu ya bei ya kwenye menyu. Sababu iko hatua ya nane.
- Njia mbili za kulipia, mfano kadi na pesa ya kwenye simu. Mashine za kadi zina tabia ya kugoma usiku.
- Kikokotoo cha simu. Tumia bila aibu.
- Tumbo lenye kitu kidogo. Usishinde na njaa kutwa ukisubiri karamu. Mwenye njaa huagiza vingi, tena haraka, na hakagui kitu.

Kama kuna mwenye mzio wa kamba, kaa au ngisi kati yenu, mtaje tangu mnapopiga simu. Kukwepa kumwagizia kamba hakumlindi, kwa sababu jiko linaweza kukaangia samaki wake kwenye mafuta yale yale.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama bahari

Kusi huanza kuvuma kwenye Aprili na kuendelea hadi Septemba hivi, na makali yake ni Juni, Julai na Agosti. Bahari inachafuka, ngalawa na mashua ndogo zinashindwa kwenda mbali, samaki wanapungua. Sasa angalia kituko chenyewe: Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo Zanzibar inafurika watalii. Migahawa imejaa pomoni wakati mavuno ya mashua ndogo ni hafifu. Pengo hilo linazibwa na jokofu.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inatulia kiasi na mashua zinafika maji makuu. Hapo ukisikia nguru au jodari, una sababu ya kuamini.

Kalenda ya mwezi inatumika hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15, maji ni bamvu: yanajaa sana na yanatoka sana. Miamba inabaki wazi, na akina mama wanatembea juu yake wakichokoa pweza. Tarehe 7 au 8, na tena 22, ni maji mafu, miamba haifunuki vizuri. Kwa hiyo ukitamani pweza mbichi, nenda siku mbili tatu baada ya bamvu kuanza. Jambo hili kila mtoto wa pwani analijua, ila akishavaa viatu vya kutokea analisahau.

Siku ya wiki nayo ina uzito. Wavuvi wengi wa vijiji vya Kiislamu hupumzika Ijumaa. Ukienda Ijumaa usiku, huenda samaki wa mashua ndogo alivuliwa Alhamisi. Mimi napenda Jumanne hadi Alhamisi, maana hata jiko linakuwa halijaelemewa.

*Onyo:* usimpeleke mtu muhimu usiku wa Krismasi, mkesha wa mwaka mpya au siku ya wapendanao. Jiko lolote, hata zuri, usiku huo linapika kama kiwanda.

## Hatua ya 2: Piga simu, uliza maswali matatu

Piga saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo samaki wa alfajiri wameshapokelewa na jiko linajua lina nini. Ukipiga saa moja usiku utajibiwa na mtu anayekimbia.

Swali la kwanza: "Habari za kazi dada. Leo mmepokea samaki gani?"

Sikiliza jibu kwa makini. Akikwambia, "Leo tuna changu na kolekole, jodari wapo kidogo, nguru hatujapata," weka nafasi hapo hapo. Aliyekutajia kilichokosekana amefungua jokofu akaangalia. Akikwambia, "Kila kitu kipo, karibuni sana," amekusomea menyu.

La pili: "Kamba kochi wako hai au wa barafu, na mnauza kwa kilo au kwa sahani?"

La tatu: "Jiko linaacha kupokea oda saa ngapi?" Weka nafasi angalau saa mbili kabla ya muda huo.

Umefaulu hatua hii kama umekata simu ukiwa na majina ya samaki wawili watatu kichwani. Kama huna hata mmoja, piga mgahawa mwingine. Kwa nini ulipe nauli ya kwenda kukisia?

## Hatua ya 3: Fika saa kumi na mbili na nusu

Najua watu wetu wanapenda kuingia saa tatu usiku wamependeza. Lakini mashua nyingi ndogo hushusha asubuhi, hivyo chakula cha jioni kinakuta samaki ana saa kumi na mbili au zaidi tangu atoke majini. Hilo si baya akilazwa kwenye barafu ya kutosha. Ubaya ni kwamba jokofu la jikoni hufunguliwa na kufungwa usiku kucha, na walio bora huchaguliwa na waliotangulia. Anayefika saa tatu anarithi.

## Hatua ya 4: Omba kumwona samaki

Hapa ndipo wengi wanaona haya, na hapa ndipo pesa zinapotelea. Bibi yako hakuwahi kununua samaki bila kumfunua mashavu, iweje wewe ukubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu mhudumu kavaa tai?

Sema tu: "Kaka, naomba unionyeshe samaki wa leo kabla sijaagiza." Migahawa inayojiamini ina sinia la barafu kwa kazi hiyo. Akikuletea, angalia haya.

Samaki mzima. Macho yametokeza na yanang'aa. Yakizama na kuwa na ukungu, muda umepita. Matamvua ni mekundu, yasiwe ya kahawia wala ya kijivu. Mwombe mhudumu ambonyeze kidogo: nyama irudi juu, isibaki na shimo la kidole. Harufu iwe ya maji ya bahari. Shombo kali au harufu inayochoma pua kama ya mkojo ina maana moja tu.

Kamba. Tazama kichwa. Kikianza kuwa cheusi na kulegea kutoka mwilini, kamba amekaa. Weusi peke yake hauui mtu, lakini ukija pamoja na harufu ya kuchoma, mrudishe.

Kamba kochi. Akinyanyuliwa, mkia upige kwa nguvu na kujikunja chini ya tumbo. Nyama yake huharibika haraka sana akishakufa: inakuwa laini kama uji na hakuna mpishi wa kuiokoa. Kama ana mayai chini ya mkia, mwache. Utakula mwingine, na bahari itapata watoto.

Kaa. Awe mzito kuliko anavyoonekana, na miguu icheze. Kaa mwepesi ni gamba lenye maji ndani.

Fileti. Usinunue fileti isiyo na jina. "Samaki mweupe" si jina la samaki. Inaweza kuwa sangara, inaweza kuwa basa aliyegandishwa kutoka Vietnam. Sangara simdharau, nikiwa Mwanza namla kwa raha zangu. Sitaki tu kumlipia bei ya chewa. Agiza samaki mwenye kichwa chake, kichwa hakidanganyi jina. Na samoni? Huyo mara nyingi amefugwa Norway akapanda ndege. Sijaelewa bado kwa nini mtu asafiri hadi Nungwi kwenda kumla.

### Kuhusu samaki wa barafu

Watu wanamkataa kama vile ni sumu. Samaki aliyegandishwa vizuri saa chache baada ya kuvuliwa anamshinda kwa mbali "mbichi" aliyelala siku tatu kwenye barafu isiyotosha. Pweza ndiye anayefaidika kabisa: kugandishwa kunamlainisha, kazi ile ile ambayo wazee waliifanya kwa kumpigapiga kwenye mwamba.

Na ukitaka jodari wa kuliwa mbichi, barafu inageuka kuwa kinga. Kugandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba kunaua minyoo inayoweza kukaa kwenye nyama ya samaki. Uliza kama wamefanya hivyo. Mhudumu akibabaika, kula aliyepikwa.

## Hatua ya 5: Mpime mbele yako, kubalianeni bei

Menyu ikisema "bei ya siku" au "kwa uzito", usiseme "sawa, leta". Muulize kilo ni shilingi ngapi, kisha waombe wampime ukiona, kisha zidisha kwenye simu, kisha mwambie mhudumu jumla kwa sauti: "Kwa hiyo huyu ni elfu tisini na sita, siyo?" Subiri aitikie.

Tuseme kamba kochi ni 120,000 kwa kilo, na wako ana gramu 800. Hiyo ndiyo 96,000. Lakini nyama utakayokula ni kama theluthi moja ya uzito huo, kwa hiyo takriban gramu 270. Ukilijua hilo mapema hutashangaa sahani ikifika. Samaki mzima anakupa nyama karibu nusu ya uzito wake. Kamba wenye vichwa nao, wakishamenywa, hupungua karibu nusu.

Uliza pia kama uzito ni kabla au baada ya kusafishwa. Kabla ndiyo kawaida, na si wizi. Wizi ni kukwambia gramu 800 halafu risiti ikaandika kilo moja na robo.

Kisha linganisha na bei ya yule mchuuzi wako. Mgahawa ukiuza mara mbili au mara tatu ya bei ya soko, ni halali yao: wana mpishi, umeme, kodi ya pango na yale machweo unayoyapiga picha. Ikiwa mara sita, simama uwaachie machweo yao.

## Hatua ya 6: Agiza kidogo, agiza rahisi

Kama ni kanuni moja tu utakayobeba, beba hii: usiagize sinia la mchanganyiko. Ngisi anaiva kwa dakika mbili. Kamba wakubwa dakika tatu hadi nne. Nusu ya kamba kochi kwenye makaa inataka dakika nane hivi hadi kumi. Samaki mzima wa kilo moja anazidi dakika ishirini. Ili vyote vitoke pamoja inabidi mpishi apange muda kama rubani, na usiku wenye meza arobaini hapangi. Vinavyowahi vinasubiri chini ya taa ya moto vikikauka. Ndiyo maana sinia lina rangi nzuri na ladha ya jana.

Badala yake, agizeni samaki mzima mmoja mgawane. Changu wa kilo moja na nusu anawatosha watatu na wali wao wa nazi. Ongeza sahani moja ndogo ya kamba au pweza. Kikija kizuri, agiza kingine. Hakuna anayekukataza kuagiza mara ya pili.

Sosi nzito ya krimu na jibini ni kanzu pana, inaficha mengi. Samaki mbichi kweli anataka chumvi, ndimu, pilipili na moto. Mchuzi wa nazi naukubali kwa pweza, kwa kuwa pweza amechemshwa polepole, pengine saa nzima, na nazi inamfuata. Lakini kamba kochi wa 96,000 kummwagia jibini, hiyo naiita kumzika.

Mwisho, toa agizo la moto. Wahudumu wengi hawaulizi, na jiko likikosa maelekezo hukausha kwa kuogopa lawama za "mbichi". Sema: "Mwambie mpishi amtoe kamba kochi nyama ikishageuka nyeupe tu, asimkaushe. Jodari abaki mwekundu katikati." Ukitaka jodari aive kote, sema pia, ni pesa yako.

## Hatua ya 7: Kagua kwa matonge mawili ya kwanza

Usianze na picha. Anza na tonge.

Kamba aliyeiva ana mpindo wa mundu. Akijikunja akawa pete, amepitiliza. Ngisi umkate kwa meno bila kuvutana naye. Samaki mzima, gusa karibu na uti wa mgongo: nyama iachie mfupa kwa vipande vinavyong'aa. Ikibaki na uwekundu mfupani, irudi motoni dakika chache. Ikimong'onyoka kavu kama unga, hairekebishiki. Mkia wa kamba kochi aliyepikwa mzima ukiwa umenyooka badala ya kujikunja, inawezekana sana alikufa kabla ya kuona sufuria.

*Onyo kubwa.* Jodari, vibua, nguru na felusi wakikaa kwenye joto hutengeneza histamini. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Wakati mwingine samaki huyo anachonyota ulimi kama ana pilipili wakati hajatiwa pilipili. Acha kula pale pale. Dalili huja ndani ya dakika chache hadi saa moja au mbili: uso kuwaka na kuwa mwekundu, kichwa kugonga, mwili kuwasha, moyo kwenda mbio, wakati mwingine kutapika na kuharisha. Wengi hudhani ni mzio wakaapa kutogusa samaki maisha yao yote. Mtu akipata shida ya kupumua au kuvimba midomo, mpeleke hospitali, risiti mtashughulika nayo kesho.

## Hatua ya 8: Ukilalamika, lalamika mapema, ukilipa, soma

Ukishakula nusu, umeshakubali. Weka uma chini baada ya tonge la pili na uite kwa upole: "Kaka samahani, naomba meneja kidogo." Akija, msalimie kwanza, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake. Kisha taja kosa na dawa yake kwa pumzi moja: "Hawa kamba wamepitiliza moto, naomba nibadilishiwe," au "Huyu nguru ana shombo, naomba aondolewe kwenye bili." Ukisema tu "chakula kibaya", utaombwa radhi na kupewa juisi. Meneja anahitaji kitu anachoweza kukifanya. Kupaza sauti kunamfanya ajitetee, na meza za jirani zinageuka kuwa baraza.

Kisha risiti. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kenya ni 16, na juu yake kuna tozo ya utalii ya asilimia 2. Migahawa mingi ya hadhi huongeza asilimia 10 ya huduma. Menyu ikiwa na alama mbili za kujumlisha baada ya bei, au maandishi madogo chini kuwa kodi haimo, basi chakula cha laki moja kikiongezwa huduma 10 kisha kodi 18 kinafika 129,800. Ndiyo ile asilimia 30 niliyokwambia uje nayo.

Angalia vitu vinne: uzito wa samaki ni ule uliopimwa mbele yako, maji na mkate ambao hukuagiza havikuingizwa, huduma haikuhesabiwa mara mbili, na umepewa risiti halisi ya EFD (mashine ya kodi), au ya eTIMS (mfumo wa kodi wa huko) ukiwa Kenya, maana karatasi ya bili pekee haithibitishi kuwa ile kodi uliyokatwa imekwenda inakotakiwa. Kama huduma imeshahesabiwa, bakshishi si lazima. Mimi humpa mkononi yule aliyeniambia ukweli kuhusu nguru.

## Kabla hujanyanyuka

Mwambie akufungie kichwa cha samaki na magamba ya kamba kochi. Umevilipia kwa kilo ile ile. Wakikufungia, viwahishe kwenye friji, usilale navyo kwenye gari. Asubuhi chemsha dakika ishirini kwa kitunguu, tangawizi na ndimu, chuja, ongeza tui jepesi na pilipili mbuzi moja nzima usiipasue. Mama yangu, yule aliyekula wali, supu hiyo aliimaliza akauliza tumeitoa wapi.